Yule bwana wa skafu kanidhalilisha mezani kwa mama mkwe, HALAFU AKATAFSIRI

Mtepe wa Makunduchi (mleta mada)

Wakuu salaam. Sijalala. Saa tisa usiku hapa Iași, Romania, nimejifungia chooni na simu nisimwamshe mke wangu, vidole vinatetemeka, kwa hiyo makosa ya uandishi mnivumilie. Mods msiuunganishe huu uzi na ule wa maisha ya Ulaya. Huu unajitegemea.

Simtaji jina. Mnamjua. Anavaa skafu hata Agosti. Alikuja Romania kusoma enzi za yule dikteta Ceaușescu, na tangu hapo kila mwaka anaaga kwamba mwakani anarudi nyumbani. Kama hujawahi kukaa naye meza moja, shukuru. Kama umewahi, najua bado unamsikia sikioni.

Jana ilikuwa Pasaka ya Waorthodoksi. Mama mkwe kule kijijini kaalika ukoo mzima. Mimi kwa ujinga wangu nikasema na mzee wetu aje, asile sikukuu peke yake. NILIMWALIKA MWENYEWE. Nikamfuata kituo cha treni mwenyewe, nikambebea na mfuko, na mfuko ulikuwa mtupu, maana alikuja nao wa kubebea mabaki.

Basi tunakula, mayai mekundu yanagonganishwa, mambo mazuri. Shemeji yangu akaniuliza kwenu hasa ni wapi. Nikaeleza Makunduchi, nikaeleza sisi Washirazi, tunaosema babu zetu walitoka Shiraz, Uajemi, nikaeleza Mwaka Kogwa na wanaume wanavyotandikana kwa migomba. Meza nzima imenyamaza kwa raha. Nikaona hapa hapa. Nikawaambia, jamani, na nyinyi mbona mna Uajemi ndani yenu. Wasarmati, watu wa jamii ya Kiirani, wamelisha farasi kwenye nchi hii kabla Mrumi hajajua kama ipo. Waroksolani, Wasarmati hao hao, walisimama na Decebalus, mfalme wa Wadakia waliokuwa na nchi hii, dhidi ya Trajan, kaisari wa Roma. Nendeni Roma kwenye Nguzo ya Trajan, ile ya mwaka 113, mtawaona wapanda farasi wamevaa magamba, na farasi nao wamevaa magamba, kama samaki changu aliyempanda changu mwenzake. Na huu mji ninaokaa, Iași, si inasemwa jina limetoka kwa Wayasi, ndio Waalani, jamii ile ile ya Wasarmati? Wahungaria mpaka leo wanauita Jászvásár, soko la Wayasi. Ndugu zao Waoseti wapo Kaukazi na bado wanaongea lugha ya jamii ya Kiirani. Nimebuni mimi?

Wazee wanaitikia kwa vichwa. Baba mkwe, ambaye kwa miaka minne kaniambia maneno sita, akasema la saba.

Ndipo yule bwana akaweka uma chini. Akajifuta mdomo kwa ile skafu. Akanigeukia, kwa Kiswahili, taratibu: "Nyie Washirazi bwana, mkitupwa popote lazima muokote mjomba. Kesho utawaambia na jogoo wao katoka Shiraz."

Sawa. Kejeli ya Kiswahili, Waswahili wawili, ningeimeza. Nimemeza makubwa ya huyu mtu.

AKATAFSIRI.

Neno kwa neno. Kwa Kiromania kilichonyooka kuliko changu. Alipoona shangazi yao hajaelewa, akaeleza Shiraz iko wapi. AKACHORA KWA KIDOLE KWENYE KITAMBAA CHA MEZA.

Mama mkwe alicheka mpaka akashika ukingo wa meza. Baba mkwe akatoa neno la nane, la tisa na la kumi kwa mpigo: "cocoșul din Shiraz", yaani jogoo wa Shiraz. Jioni tunaaga, nasikia bandani mama mkwe anaita "Shiraz! Shiraz!" na yule ndege mshenzi anakuja mbio, kana kwamba ndilo jina lake tangu anaanguliwa.

Angeweza kusema akaishia pale. Nani alimwomba atafsiri?

Nawasilisha.

Chuma cha Pua

Wa kwanza. Nimekaa paleee na bisi zangu.

Bibi Kizuizi

Hii chai. Kama Kiromania chako kibovu, umejuaje kwamba cha mwenzio kimenyooka?

Mtepe wa Makunduchi

@Bibi Kizuizi kwa sababu WALICHEKA. Mimi nikitania kwa Kiromania huwa wananiuliza kama naumwa.

Ndezi wa Cluj

Naomba picha ya jogoo. Uzi bila picha haujakamilika.

Kiti cha Dirishani

Nilitaka kunyamaza lakini nilikuwepo. Mleta mada ananijua, nilikaa dirishani. Mkuu, mbona hujawaambia watu habari ya sarmale?

Mtepe wa Makunduchi

Hiyo haihusiani na mada.

Chuma cha Pua

Inahusiana sana. Sarmale ni nini?

Kiti cha Dirishani

Nyama ya kusaga na mchele, imeviringishwa kwenye majani ya kabichi iliyochachushwa. Mleta mada aliinua moja kwa uma, akaisimamisha hewani kama mnadani, akawaambia wenyeji kwamba SARMALE ni chakula cha WASARMATI na ndiyo maana kinaitwa hivyo. Mbele ya bibi wa miaka themanini na kitu aliyezikunja zote kwa mkono wake tangu alfajiri. Hapo ndipo yule bwana alipoweka uma chini. Hata mimi niliweka wangu.

Fundi Saa

Mungu wangu. Sarma ni Kituruki, maana yake kitu kilichoviringishwa. Kutoka Uturuki kupanda Balkani yote wanakula hicho hicho na kukiita hivyo hivyo.

Mtepe wa Makunduchi

Nilisema HUENDA.

Kiti cha Dirishani

Ulisema "bila shaka". Mara mbili. Ya pili ulipiga meza.

Bibi Kizuizi

😂😂😂 Kumbe yule mzee alikuwa anaokoa chakula.

Fundi Saa

Tumcheke lakini tumtendee haki, si yote kaokota. Wasarmati walikuwepo, habishi mtu. Wayaziges walikaa tambarare za mto Tisza, Waroksolani mashariki zaidi. Kabla yao Herodoto, yule Mgiriki wa kale, anawataja Waagathirsi penye mto Maris, ndio Mureș wa leo, watu wa kujipamba dhahabu, na wapo wasomi wanaowaweka karibu na Waskithi, nao wafugaji farasi wa jamii ya Kiirani. Hata Dobrogea, huko pwani ya Bahari Nyeusi, Warumi waliipa jina la Skithia Ndogo. Ila kupita mahali na kuzaa taifa ni mambo mawili. Maji wanaita apă, mkate pâine, maziwa lapte, hicho ni Kilatini kitupu. Na hao Wayasi wa jina la Iași ni watu wa zama za kati, zaidi ya miaka elfu moja baada ya Decebalus kufa mwaka 106. Wewe umewatoa nguzoni Roma ukawashusha sokoni Iași kama vile walipanda basi moja.

Mtepe wa Makunduchi

Asante kwa darasa. Sasa niambie, KUTAFSIRI kunaingia wapi hapo?

Ndezi wa Cluj

Kuna kitu hamkioni. Kila zama huku wanachagua babu wao. Karne ya 18 wasomi wa Transilvania walitaka Ulatini usio na doa, maana Waromania wa huko walikuwa wananyimwa haki na walihitaji ukoo wa kuwajibu wakubwa. Akaja Ceaușescu, akamtaka Mdakia: mwaka 1980 nchi ikasherehekea miaka 2050 ya dola ya Burebista, mfalme wa kale wa Wadakia, kwa amri. Sasa bwana skafu katua wakati huo, kalishwa Burebista asubuhi na jioni, wewe unamletea Msarmati siku ya Pasaka. Ulitegemea akupe mkono?

Kaskazi77

Mimi niko na mleta mada. Adui wanamwita dușman, mchungaji cioban, supu ciorbă. Vyote Kiajemi. Mtu akiongea kama Muajemi akala kama Muajemi, mnataka alete na cheti cha kuzaliwa?

Fundi Saa

Hayo yaliingia na Waturuki, hakuna Msarmati aliyeyabeba. Kwa hesabu yako, sisi tunaosema bandari na kula pilau nasi Waajemi.

Kaskazi77

Si ndicho anachosema mleta mada??

Mtepe wa Makunduchi

ASANTE.

Mla Ugali

Haya, wameanza. Washirazi wangapi wanajua kuomba maji kwa Kiajemi? Wabongo wenye babu wa kubandika.

Mtepe wa Makunduchi

@Mla Ugali msikiti wa Kizimkazi una maandishi ya mwaka 500 wa Hijria, ndio 1107. Babu yako wewe mwaka huo alikuwa wapi?

Mla Ugali

Alikuwa analima mkuu. Ndiyo maana nimeshiba.

Fundi Saa

Hilo nalo lilipimwa. Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya vinasaba vya mifupa ya watu 80 wa miji ya zamani ya pwani. Upande wa kina mama karibu wote Waafrika. Upande wa kina baba kwa wengi Uajemi upo, na kuchanganyika kulianza kama mwaka 1000 hivi. Kwa hiyo Mshirazi hajaongopa, ila bibi yake ndiye aliyekuwa mwenye nyumba.

Bibi Kizuizi

Rudia hiyo sentensi ya mwisho kwa herufi kubwa.

Mla Ugali

Na ASP ya 1957, Afro-Shirazi Party, ilikuwa na "Shirazi" humo humo ndani ya jina, msitusahaulishe.

Mwana wa Masikati

Mleta mada una bahati, umeitwa Mshirazi kwa mara moja ukalala. Mimi Zanzibar nikitua naitwa Mwarabu. Nikirudi Masikati, Oman, naitwa Mzinjibari. Juzi kwenye harusi nimekaa kona naongea Kiswahili na mama yangu, kijana mmoja, Kiarabu chenyewe anakigonga kama mlango, ananiambia "mzee, hapa tunaongea lugha ya nyumbani". Mimi nimezaliwa mtaa ule! Baba yake nimemsindikiza kaburini!

Chuma cha Pua

Hiyo kali kuliko ya jogoo.

Mwana wa Masikati

Na hakutafsiri. Alisema moja kwa moja.

Mtepe wa Makunduchi

Jamani turudi kwenye mada. Mtu anayekudharau kwa lugha yenu amekuachia mlango wa kutokea. Anayetafsiri ameufunga na ufunguo kaweka mfukoni. Leo asubuhi mke wangu kapokea ujumbe wa sauti wa mama yake, sekunde arobaini, nimesikia "Shiraz" mara tano.

Kiti cha Dirishani

Anakupenda, mkuu. Mwaka jana alikuwa hakutaji kabisa.

Nyati wa Timișoara

Salamu kutoka huku. Mimi Mkenya, hizo hadithi za mababu sizielewi, lakini huyo mzee wa skafu nina kesi naye. Februari alikuja kwangu akalala siku tatu, akaondoka na hita yangu ya umeme. Akasema anaazima. Nje baridi imeshuka chini ya sifuri, ndani mimi na koti na kofia natazama ukuta. Nikimpigia ananiambia Wadakia hawakuwa na hita.

Ndezi wa Cluj

HITA YA RANGI YA MAZIWA? Yenye gurudumu moja bovu?

Nyati wa Timișoara

Ndiyo hiyo!!

Ndezi wa Cluj

Alikuja nayo kwangu akaniuzia.

Chuma cha Pua

😂😂😂😂 nimeanguka kwenye kiti

Nyati wa Timișoara

Ndugu yangu nirudishie hita.

Ndezi wa Cluj

Nilinunua kwa pesa halali. Mdai yeye.

Kaskazi77

Mimi alinitoza hela ya kunitafsiria barua ya ukarabati wa jengo. Kurasa mbili. Baadaye nikagundua ile barua ilikuwa inasema tu maji yatakatika Jumanne, maana Jumanne ndipo yalipokatika.

Mtepe wa Makunduchi

MNAONA? Kwenu anatafsiri kwa malipo. Mimi kanitafsiria BURE.

Bibi Kizuizi

Tuacheni hita. Mtu kataja pilau huko juu nikanyamaza, sasa nimeshindwa. Huku Romania nilipewa kitu kinaitwa pilaf. Mchele, karoti, kipande cha kuku, kwisha. Haina bizari nzima, haina iliki, haina hata kitunguu kilichokaangwa kikakolea. Ule ni wali wa mgonjwa. Kama Waajemi waliacha kitu huku, hawakuacha viungo.

Mwana wa Masikati

Hata la Mombasa siku hizi wanatia nyanya, usiwalaumu Waromania peke yao.

Nyati wa Timișoara

Nyanya ina ubaya gani? Mama yangu anatia, na watu wanakuja kutoka Kilifi kula.

Kaskazi77

Pilau la nyanya ni biriani lililokata tamaa.

Nyati wa Timișoara

Heshimu mama yangu.

Mla Ugali

Ugali hauna ugomvi huu.

Bibi Kizuizi

Mlio huku nisaidieni: bizari nzima mnapata wapi? Dukani nilinunua chimen nikajua ndiyo yenyewe, nikapikia wageni kumi na tano wa komunio ya mwanangu. Pilau likanuka kama mkate mweusi wa rai. Wakala kwa adabu. Hakuna aliyeomba nyongeza.

Fundi Saa

Chimen ni kisibiti. Unayotaka wewe ni chimion. Tofauti ni herufi mbili tu kwenye kopo, kila mgeni anaangukia hapo.

Bibi Kizuizi

Miaka sita napika kisibiti na hakuna mtu aliyeniambia.

Mtepe wa Makunduchi

Wakuu mada ni mtu kutafsiri.

Ndezi wa Cluj

@Fundi Saa hiyo chimion ya nzima au ya unga? Mimi naiona ya unga tu.