Mrejesho: zile hati za babu na ombi la ruzuku

Wadau, mnakumbuka niliuliza pa kuomba hela za kuskani hati za babu hapa Unguja, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu? Mrejesho ndo huu. Kule nilikoomba mwanzo walinipiga chini na kusema kweli nilistahili, kurasa nzima nimeelezea kamera na kompyuta, hati zenyewe mistari mitatu! Nikahamia Endangered Archives Programme, mpango wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini wa British Library, maktaba ya taifa ya Uingereza, upo toka 2004 kwa pesa za mfuko wa hisani wa Arcadia. Hao unaanza na ombi la awali, ukipita ndo unaandika la kina. Kilichomlainisha mama mkubwa ni kwamba hati halisi hazitoki nchini, zinaondoka picha tu, maana alishaapa kasha la hati halivuki mlango. Basi tukalifungua, lo, kurasa zina matundu ya wadudu kama chekecheke, nikahesabu moja moja mpaka 412, nikapima na rula, mafua wiki nzima kwa lile vumbi. Awali tumepita. Sasa nimekwama kwenye barua ya ridhaa, wajomba wawili hawajasaini, mmoja yuko Muscat na simu hapokei.