Mjadala: Mkulima mdogo wa mkonge anunue mashine yake, au aendelee kungoja korona, mtambo mkubwa wa kuchakata majani ya mkonge?

Mkulima, Korogwe: Msimu uliopita nilikata majani nikayapanga kando ya barabara, na trekta la shamba lenye korona likafika siku ya tano. Jani la mkonge hutakiwa kuchakatwa ndani ya siku mbili hivi, kwani likikauka singa, yaani nyuzi zake, haitoki vizuri na rangi huharibika. Nilishushiwa daraja kwa kosa lisilo langu. Kwa nini ushirika wetu usinunue mashine ndogo ya dizeli ya kulisha kwa mkono, tukachakata humo humo shambani?

Fundi mitambo, Tanga: Pole sana, ndugu yangu. Singa ni kama asilimia 4 tu ya uzito wa jani, kwa hiyo anayesafirisha majani hadi korona anasafirisha maji na makapi. Tatizo ni usalama: mlishaji huingiza nusu ya jani, hulivuta, akaligeuza na kuingiza nusu ya pili, huku vidole vyake vikiwa karibu na ngoma inayozunguka kwa kasi. Isitoshe, wenye mashine hizi huleta singa chafu, kwa sababu wanaanika chini.

Mwanaushirika, Handeni: Hilo la vidole nakubaliana nawe, lakini hilo la uchafu limeniuma. Mimi huanika singa juu ya waya, siyo chini, na maji ya kuisuuza huyachota kwa ndoo, wakati korona hutiririshiwa maji mchana kutwa. Anayetaka singa yangu iwe nyeupe kama ya shamba kubwa atuchimbie kwanza kisima, ndipo atupime.

Mstaafu wa shamba la mkonge: Binti yangu, kutaja uchafu si kukutukana, ni kuzungumzia daraja. Mkonge alioleta Mwingereza ulitufikisha tani 230,000 hivi mwaka 1964 kwa sababu singa ilisuuzwa, ikaanikwa, ikapigwa brashi, na hakuna aliyeruhusiwa kuruka hatua hata moja.

Mwanaushirika, Handeni: Shikamoo, mzee wangu. Aliyeuleta ni Mjerumani, Richard Hindorf, mwaka 1893, na miche iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Mwaka 1964 Mwingereza alikuwa amekwisha kuondoka, na jasho lililozaa tani hizo lilikuwa la wazee wetu. Brashi ninaijua, ila mashine yake nayo ina bei, na mkopo unaozungumzwa vikaoni ni wa kuchakata peke yake.

Fundi mitambo, Tanga: Dada, niwie radhi kwa kuwajumlisha wote. Hata hivyo, mashine ya brashi inaweza kuwa moja kwa vijiji kadhaa, maana singa kavu haiozi njiani kama jani.

Mkulima, Korogwe: Basi naomba nijibiwe kuhusu jani lenyewe. Niliyoyakata Jumatatu bado yako kando ya barabara, na leo ni Alhamisi.