Hitaji la maombi au umbea? Je, sharika ziweke kanuni ya siri kwa wanaofungua mioyo yao?

KwayaSauti2 (mleta mada)

Shalom wapendwa, na salamu kwa msiosali pia, maana haya yanawafika hata nyinyi.

Mwaka jana mimba yangu iliharibika ikiwa na miezi minne. Nikatoka hospitali, nikakaa ndani wiki tatu kama gunia. Sili, silali, mtoto akilia namwangalia tu. Mume wangu ni dereva wa malori ya Zambia, hakuwepo. Jumuiya yetu hukutana Jumatano jioni, nyumba kwa nyumba, na zamu ilipofika kwangu hata chai nilishindwa kuchemsha. Watu walipoondoka, kiongozi wa jumuiya, mama wa makamo ninayemheshimu mpaka leo, alibaki. Akaosha vikombe vyote, akakausha mikono kwa kanga yake, akaniuliza, "Mwanangu, una nini?"

Nikamwambia yote, hadi lile ambalo mume wangu mwenyewe hakuwa analijua: kwamba usiku mmoja nilimwaga vidonge mezani nikavihesabu.

Jumapili, ibada imekwisha, tuko nje kwenye mnada wa mavuno. Mkungu wa ndizi unanadiwa. Mama mmoja wa mtaa mwingine, jina langu lenyewe hulikosea, akanishika bega: "Pole mama, hiyo roho ya mauti imeshindwa, tumeanza kufunga kwa ajili yako." Mkungu ulikwenda kwa elfu kumi na mbili. Bei naikumbuka kwa sababu nilikuwa nimeukazia macho ule mkungu, nisimwangalie mtu. Jioni wifi yangu aliyeko Dodoma akanitumia ujumbe aliokutana nao kwenye kundi la WhatsApp: HITAJI LA MAOMBI kwa herufi kubwa, chini yake jina langu, kwaya yangu, na vidonge. Ulikuwa na ile mishale miwili ya ujumbe uliokwisha kupita mikono mingi.

Yule mama hakunitakia mabaya, alinipenda. Ndiyo maana hapa sijaja kumshitaki mtu. Shida ni kwamba hata mwenye upendo hana kanuni ya kumshika mdomo. Hoja yangu: kila usharika uandike kwamba anayepokea mambo ya moyo wa mtu, awe mchungaji, mzee wa kanisa au kiongozi wa jumuiya, hayatoi nje bila idhini ya mwenyewe, na akiyatoa anavuliwa nafasi. Mweka hazina akila sadaka huwa hatumwombei tu, tunamwondoa. Mnasemaje?

MzeeWaBaraza

Bwana Yesu asifiwe, binti yangu. Pole sana kwa yaliyokupata, na huyo aliyekushika bega mnadani alikosa adabu.

Lakini mimi napinga. Yakobo anasema, "Ungameni dhambi zenu ninyi kwa ninyi, na kuombeana, mpate kuponywa." Ninyi kwa ninyi, hakusema wewe na mtaalamu mmoja mlango umefungwa. Baba yangu aliokoka kule Bukoba katika Uamsho, ule uliowaka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukashika Uganda, ukavuka mpaka ukaja kwetu Kagera. Watu walisimama mbele ya wenzao wakataja mambo kwa majina yake. Aliyeiba mbuzi alitaja mbuzi na siku hiyo hiyo akaenda kumlipa mwenyewe. Wamisionari wa Kizungu walisimama wakakiri kiburi chao juu ya Waafrika, jambo ambalo hakuna sheria ya kikoloni ingewalazimisha. Waliita kutembea nuruni. Kanisa la Askofu Josiah Kibira, aliyefika hadi kuwa rais wa Shirikisho la Walutheri Ulimwenguni mwaka 1977, lilikulia katika joto hilo.

Leo mnataka tuandike karatasi ya kufunga midomo. Tutakuwa abiria wa daladala: tumebanana, kila mtu kashika mkoba wake, hakuna anayejua jirani anashukia msiba gani.

Sijaokoka

Kumbe ndiyo maana mke wangu akitoka jumuiya anajua madeni ya mtaa mzima. Endeleeni, mimi nasoma tu.

KatekistaMstaafu

Tumsifu Yesu Kristo. Kwetu Wakatoliki jambo hili lina nusu ya jibu. Siri ya kitubio haina mjadala. Kanuni ya 983 ya Sheria za Kanisa inasema padre haruhusiwi kumsaliti aliyeungama, kwa maneno au kwa namna yoyote, kwa sababu yoyote. Akivunja moja kwa moja anajitenga na Kanisa papo hapo, na kuondolewa adhabu hiyo ni kazi ya Roma. Hata mkalimani akiwepo, naye amefungwa.

Sasa nusu nyingine. Mwaka 1976 maaskofu wa nchi za AMECEA, yaani umoja wa mabaraza ya maaskofu Katoliki wa ukanda wetu, walizifanya jumuiya ndogondogo kuwa kipaumbele cha uchungaji katika Afrika Mashariki, na walifanya vema. Ila kitubio kina kufuli na jumuiya haina. Katika miaka yangu ya ukatekista, waumini walileta kitubioni dhambi ndogondogo, nilikasirika, sikusali. Ndoa inayovunjika, mtoto anayevuta bangi, kukata tamaa ya kuishi, hayo waliyamwaga jumuiyani baada ya rozari, kwa sababu pale ndipo palipokuwa na chai na mtu wa kumshika mkono. Ya mzaha yakawa na ulinzi, na yanayoua yakabaki uwanjani.

Namuunga mkono dada. Ila hilo la kumvua mtu nafasi sijui kama litawezekana. Viongozi wa jumuiya ni wa kubembeleza. Ukimvua huyu, nani atachukua daftari?

MwombajiWaUsiku

Mnataka waombaji tuombe gizani? Mkesha wa Ijumaa tunapiga magoti saa sita hadi kumi, na tunaomba kwa jina na kwa tatizo. Hali ya kuhesabu vidonge ina roho nyuma yake, wala si suala la karatasi. Dada, wewe uko hai leo. Umewahi kujiuliza ni kwa maombi ya nani?

NesiZamuUsiku

Nimesita kuandika, ila huyo wa juu kanisukuma.

Mpendwa, omba. Mimi mwenyewe ni muumini. Lakini mtu aliyehesabu vidonge ana jambo la kufanyiwa usiku ule ule, na halifanywi kwa mkesha wa Ijumaa. Vidonge vitolewe ndani ya nyumba. Mtu mmoja alale naye. Asubuhi aende hospitali akaonwe, na mwenzake amsindikize hadi mlangoni, asimwelekeze tu. Yule mama aliyeosha vikombe alikuwa amefika pazuri kuliko daktari yeyote, dada yangu alikuwa ameshamfungulia moyo. Kisha akaenda kuwaambia watu mia mbili, badala ya mmoja aliyehitajika.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika nchi zinazoendelea karibu mwanamke mmoja kati ya watano hupata tatizo la afya ya akili baada ya kujifungua, kubwa likiwa sonona. Waliopoteza mimba hawaachwi nyuma, na wao hata pongezi ya uzazi hawana, wanarudi nyumbani mikono mitupu kwenye nyumba ambayo hakuna anayetaka kulitaja. Sasa hesabu akina mama kwenye kwaya yenu.

Kuna na hili wengi hawalifikirii. Kwa Kanuni ya Adhabu yetu, Sura ya 16, kujaribu kujiua ni kosa la jinai. Wodini familia hunong'ona, "nesi, andika alikosea dawa." Kwa hiyo ukiandika kwenye kundi la WhatsApp kwamba fulani wa kwaya alitaka kumeza vidonge, unacheza na jina lake hata mbele ya dola. Kenya Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu chao cha namna hiyo kinapingana na Katiba. Sisi bado.

Nikiunga mkono kanuni ya siri, ninaiwekea mipaka miwili. Maisha yakiwa hatarini, msikilizaji amwambie mtu mmoja anayeweza kusaidia, na amwambie mhusika kwamba anafanya hivyo. Na mtoto akiwa anaumizwa, hakuna siri. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa hiyo aipeleke serikali za mitaa. Sitaki kanuni nzuri ya siri ije ikageuka blanketi la kumfunikia mwalimu wa Sunday School.

KijanaWaKasarani

Hapo kwa mipaka nesi amegonga ndipo. Niko Nairobi. Sisi baada ya Shakahola, 2023, wale waumini walioambiwa na mhubiri wao wafunge hadi kufa, miili zaidi ya 400 ikifukuliwa msituni Kilifi, mtu akiniambia "kanisa na siri" nashtuka kidogo. Wale watu walitengwa na majirani, na simu za jamaa, na hospitali. Wangekuwa na mama mmoja mwenye mdomo mpana, pengine wengine wangeokoka.

Mimi naona swali limekaa vibaya. Mbona mchungaji awe mshauri hapo mwanzo? Kenya tuna sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia tangu 2014, unasajiliwa, una maadili ya kazi, ukitoa siri za mteja kuna mahali pa kukushitaki. Pasta wetu anahubiri poa sana, lakini ushauri wake kwa kila mtu ni mmoja: samehe, toa sadaka, rudi nyumbani. Rwanda 2018 walienda mbali, wakaweka sheria kwamba kiongozi wa kanisa awe na digrii ya theolojia. Sijui kama digrii inafundisha mtu kunyamaza.

KatekistaMstaafu

Kijana, mshauri aliyesajiliwa yuko wapi kijijini kwetu? Jirani yangu kwenda kuonana na daktari wa akili ni nauli ya basi kwenda na kurudi, na siku mbili bila kibarua. Jumuiya iko hatua arobaini kutoka mlangoni kwake. Wala kanisa si geni katika kazi hii. Lutindi, kule milima ya Usambara, ilikuwa hospitali ya wagonjwa wa akili chini ya wamisionari wa Kilutheri tangu enzi ya Wajerumani, kabla Mwingereza hajaijenga Mirembe, Dodoma. Wale hawakuchagua kati ya sala na tiba.

KwayaSauti2

Asanteni. Nesi, mipaka yako naipokea yote miwili, hasa hilo la kumwambia mhusika. Yule mama angeniambia tu, "Mwanangu, hili siwezi kulibeba peke yangu, nitamwambia mchungaji," ningekasirika jioni moja, yakaisha.

MwombajiWaUsiku, sijakataa maombi. Eliya alipokaa chini ya mretemu akiomba afe, malaika alimletea mkate na maji, akamwacha alale, akamlisha tena. Hakuenda kwanza kuwatangazia Waisraeli.

Mzee wangu, shikamoo. Nimeusoma ujumbe wako mara tatu, kwa sababu bibi yangu naye alikuwa mtu wa Uamsho. Ila tazama tofauti. Katika simulizi zao mtu alisimama kwa miguu yake, akasema kwa mdomo wake, na aliyekuwa ameketi leo alijua kesho atasimama yeye. Wote walivua. Mimi nilivuliwa peke yangu, nikiwa sipo, na waliokuwa wanatazama wote wamevaa vitenge vyao vya Jumapili. Je, yule mama wa mnadani niliwahi kuombwa nimwombee jambo lake lolote? Mchungaji wetu? Mzee yeyote wa baraza? Miaka tisa niko kwenye kwaya ile, mahitaji ya maombi yanayotajwa kwa majina ni ya wajane, wasichana waliopata mimba na vijana walevi. Hata siku moja sijasikia, "Tumwombee mwenyekiti wa ujenzi, halali usiku kwa hofu."

Sijaokoka

Hapo kwenye mwenyekiti wa ujenzi nimecheka hadi mke wangu amekuja kuchungulia simu.

MwombajiWaUsiku

Sawa, la Eliya nimelipokea. Lakini bado nasema jina litajwe mbele za Mungu. Tatizo nitaliacha.

MzeeWaBaraza

Marahaba, binti yangu. Nimekaa na maneno yako tangu jana.

Nitasema jambo ambalo sijalisema mahali. Siku baba aliposimama kutembea nuruni nilikuwa na miaka saba, nimekaa mkekani mbele. Alitaja mwanamke wa kijiji cha pili, na mtoto aliyezaa naye. Watu walishangilia, wakaimba, wakamkumbatia. Nilimwona baba amekuwa mwepesi kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. Mama alikuwa benchi la tatu. Ndipo alipolisikia kwa mara ya kwanza, pale, pamoja na kanisa zima. Naye aliimba. Miaka yote nimesimulia ushuhuda wa baba, na jana usiku ndiyo mara ya kwanza nimejiuliza mama alirudi nyumbani kwa njia gani siku ile, na nani alitembea naye.

Kwa hiyo sijabadilika kabisa. Bado naogopa kanisa la watu waliofungana midomo. Ila hata kule kwetu kulikuwa na watu waliovuliwa wakiwa wameketi.

Andika hiyo kanuni, ukurasa mmoja, usizidi, wazee macho yetu ni haya. Weka ile mipaka ya nesi. Hilo la kuvua nafasi weka "aonywe kwanza", vinginevyo baraza halitapitisha, nawafahamu. Kikao ni Jumamosi saa tatu, nitaisoma mwenyewe.

KwayaSauti2

Mzee, Mungu akubariki. Na pole kwa ajili ya mama. Ijumaa utaipata. Nimeongeza kifungu kimoja: kundi la WhatsApp la maombi lisiandikwe jina wala ugonjwa wa mtu bila yeye mwenyewe kukubali, na msimamizi wa kundi afute papo hapo.

MzeeWaBaraza

Hicho kina ugumu kidogo. Msimamizi wa kundi letu ni mke wangu. Nipe hadi Alhamisi nizungumze naye.