Tuliokuwepo Agosti 7, 1998, Nairobi na Dar: tupeane uzoefu

Mwanzisha mada, Nairobi
Ndugu zangu, kila Agosti 7 tunasomewa hesabu ya mabomu yaliyolipuliwa kwenye balozi za Marekani mwaka 1998: waliouawa Nairobi 213, Dar es Salaam 11, majeruhi maelfu. Naomba tusimulie kilichobaki majumbani. Naanza mimi.

Nilikuwa karani wa duka la vitambaa Moi Avenue. Ilikuwa Ijumaa, saa nne na nusu imepita. Kwanza tulisikia kishindo kidogo. Baadaye ndipo tukajua ni guruneti walilorushiwa walinzi wa ubalozi wa Marekani, waliokataa kufungua geti. Mjini mtu akisikia kishindo hukimbilia dirishani, na maofisini wengi walikimbilia. Hapo ndipo lori lililobeba bomu lilipolipuka, vioo vikawaingia usoni. Ndiyo maana kuna watu waliotoka siku ile na viungo vyote, ila macho hawana. Mimi nilikuwa nimeshaanza kwenda kuchungulia, mwenye duka akaniita nimalizie kumpimia mteja kitambaa. Mwenzangu alifika dirishani. Alisomea kazi ya simu akiwa tayari haoni, akalea watoto watatu ambao sura zao hazijui.

Mdau wa Kayole
Dada yangu alikuwa akisomea uhazili Ufundi House, jengo lililoporomoka lote kando ya ubalozi. Tulizunguka hospitali na picha yake mkononi, halafu tukaenda mochari. Mama alimtambua kwa kovu la chanjo begani. Daftari zake za hatimkato, yale maandishi ya haraka ya alama, tunazo bado. Nyumbani hakuna anayejua kuzisoma.

Mdau wa Msasani, Dar
Poleni sana watani. Huku kesho yake ilikuwa Nane Nane, watu wanajiandaa na sikukuu. Mzee wangu alikuwa mlinzi wa usiku jirani na ubalozi, barabara ya Laibon. Asubuhi alikabidhi lindo akaondoka. Langoni kwa ubalozi kulikuwa na lori la maji, ndilo lililokinga sehemu kubwa ya mlipuko. Lisingekuwepo tungezika wengi zaidi. Katika wale 11 hakuna Mmarekani hata mmoja. Walikuwa walinzi na watu wa vibarua, waliokwenda kutafuta riziki. Mzee hakurudi lindoni tena. Akisikia tairi linapasuka, anakaa chini palepale alipo, hata iwe sokoni.

Muuguzi mstaafu
Majeruhi waliletwa kwa matatu, pikapu, hata migongoni mwa watu. Wengine damu na vumbi vilikuwa vimewafunika hata humjui ni Mwafrika, Mhindi au Mzungu. Foleni ya kutoa damu ilitoka nje hadi barabarani, na hilo nitalisimulia mpaka nife. Ila nataka mjue hili: miaka mingi baadaye bado walikuwa wanakuja na uvimbe mdogo kichwani au shingoni. Nikipasua natoa kipande cha kioo. Mtu amelala nacho miaka yote hiyo. Kama una uvimbe usioeleweka na ulikuwa mjini siku ile, nenda kapigwe eksirei.

Mdau wa Kampala
Sisi yetu ni Julai 11, 2010, fainali ya Kombe la Dunia. Binamu yangu alikuwa uwanja wa raga wa Kyadondo, wakitazama mechi. Waliuawa zaidi ya 70 kwa mabomu usiku ule, na al-Shabaab wakajitangaza kuwa ndio waliofanya. Sijawahi kuangalia fainali tena.

Mdau wa Nakuru
Wa Kayole, mimi nilisoma uhazili miaka ileile. Kama mama ataridhia, nipigie picha kurasa chache, nitajaribu kuzisoma.

Mdau wa Kayole
Asante sana dada. Nitamwuliza kwanza.

Mdau wa Msasani, Dar
Na fidia je? Huko mlipata?

Mwanzisha mada, Nairobi
Mwaka 2020 Sudan, iliyodaiwa kuwasaidia al-Qaeda waliolipua, ilikubali kutoa dola milioni 335 kwa ajili ya Wamarekani na waliokuwa wameajiriwa na Marekani. Karani wa duka, mwanafunzi wa Ufundi House, abiria wa basi lililokuwa likipita barabara ya Haile Selassie, wote hawamo. Bomu lile lilipolipuka halikuuliza nani ameajiriwa na nani. Mwenzangu wa dukani amejaza fomu hadi amechoka. Ofisi moja ilimtaka alete barua ya daktari kuthibitisha kwamba bado haoni.