Tupeane uzoefu: wafugaji wa kuhamahama na mkono wa Serikali

Mkazi wa Pugu: Jana mnadani nilimwona mzee akiwahesabu ng'ombe wake kwa kutaja rangi zao badala ya idadi, nikamkumbuka marehemu baba. Waliowahi kuhamishwa kwa amri, tafadhali waandike.

Mparakuyo wa Usangu: Mwaka 2006 ilisemwa kwamba mifugo yetu sisi Waparakuyo, wafugaji wa jamii ya Wamaasai, inalikausha bonde la Ihefu huko Mbarali, kwamba kwa sababu hiyo Mto Ruaha Mkuu haufikishi maji kwenye bwawa la umeme la Mtera, na kwamba ndiyo maana Dar es Salaam iko gizani. Tukaamriwa kwenda mkoani Lindi. Baba alitozwa faini kwa kila ng'ombe, na ili aipate fedha hiyo aliuza madume kwa bei ya mbuzi, kwa kuwa wanunuzi walijua kwamba siku zetu zinahesabika. Ndani ya malori ndama walikanyagwa na wakubwa wao. Tuliposhushwa Kilwa, mama hakuuliza maji wala kivuli; alizunguka akimtafuta ndama mmoja tu, wa uzao wa ng'ombe aliyepewa siku ya harusi yake. Ng'ombe waliobaki wakamalizwa na inzi wa ndorobo. Leo ninalinda nyumba Mbezi, na umeme ukikatika mwenye nyumba hunitania kwamba ng'ombe wangu wamerudi mtoni.

Mama wa Kimara: Mgao ule naukumbuka. Tuliwalaumu ninyi, nami nilikuwamo. Je, yule ndama alipatikana?

Mparakuyo wa Usangu: Hakupatikana, mama.

Mkulima wa Mbarali: Pole, ndugu, lakini mpunga wangu ulioiva uliliwa usiku mmoja na hakuna aliyenifidia.

Mkazi wa Pugu: Na mifereji ya mashamba makubwa ya mpunga, yenyewe haikunywa maji ya mto?

Mkulima wa Mbarali: Nina ekari mbili. Waulize wenye mifereji.

Msoma Sheria: Dai hati ya kimila ya kumiliki ardhi chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, wafugaji wa Kiteto wamepata hati za pamoja za malisho.

Wa Loliondo: Vijiji vyetu vilikuwa vimesajiliwa, na bado mwezi Juni 2022 vigingi vilipigwa kuzunguka kilomita za mraba 1,500 za malisho yetu ili yawe hifadhi ya wanyamapori. Shauri langu ni kugawa mifugo kwa ndugu wa mbali, ili amri moja isiwakute wote.

Kijana wa Tandika: Uzeni wote mnunue bajaji, kwani haili nyasi.

Mparakuyo wa Usangu: Niliinunua. Ilikamatwa wiki ya kwanza, nikalipa faini.