Cheo "mhandisi", kazi kufungua nywila: ovataimu yangu ipo au haipo?

MlinziWaSeva:
Wakuu, habari za huko mliko. Nipo Ohio, Marekani, mwaka wa pili sasa kwenye kampuni ndogo ya huduma za kompyuta. Barua ya ajira inaniita "mhandisi wa mifumo". Kazi yenyewe: mtu kasahau nywila, namfungulia. Printa imegoma, naenda. Laptopu mpya ikija naipakia programu kwa kufuata karatasi ya hatua 23 niliyoikuta hapo, na hatua ya 9 haijawahi kufanya kazi tangu nianze.

Mshahara ni dola 52,000 kwa mwaka, na barua inasema ni wa saa 40 kwa wiki. Ukweli nafika 55, maana seva husasishwa Jumamosi usiku wateja wakiwa wamelala. Nilipomgusia meneja habari za ovataimu akacheka: "Wewe ni mtu wa mshahara, ovataimu ni ya vibarua." Halafu akanipa Jumanne moja ya kupumzika, ya mwezi ujao. Ndivyo sheria ilivyo kweli?

BiKumbukumbu:
Mdogo wangu, wimbo huo nimeuimba miaka mitatu kwenye dawati la msaada.

Sheria ya kazi ya shirikisho ya mwaka 1938 inataka kila saa inayozidi 40 kwa wiki ilipwe mara moja na nusu. Kulipwa mshahara hakukutoi humo. Mwajiri akitaka kukutoa, kwanza awe anakulipa angalau dola 684 kwa wiki (2024 serikali ilikipandisha kiwango hicho, Novemba mwaka huohuo mahakama ya Texas ikakirudisha). Hapo umepita, wewe una 1,000. Lakini kuna sharti la pili, nalo ndilo waajiri wanaloliruka: kazi unayofanya kwa mikono yako. Kifungu cha watu wa kompyuta kinamhusu anayechambua mifumo, anayebuni, anayeandika au kujaribu programu. Cheo hakihesabiki, hata wakikuita mkurugenzi wa printa. Mwaka 2006 Idara ya Kazi iliulizwa kuhusu mtu wa dawati la msaada mwenye kazi kama zako, ikajibu kwamba anastahili ovataimu. Nilipoisoma barua ile nilidhani wamenichungulia dirishani.

Hiyo Jumanne ya mwezi ujao isikupumbaze. Kampuni binafsi haiwezi kulipa saa za wiki hii kwa mapumziko ya wiki nyingine.

MbunifuAsiyelala:
Bahati yako, mkuu. Mimi naandika programu kutwa kucha, kifungu kimenikamata shingoni, sina changu. Hata anayelipwa kwa saa, akifanya kazi kama yangu na kupata kuanzia dola 27.63 kwa saa, mwajiri halazimiki kumwongezea ile nusu. Angalia tu na sheria ya jimbo. California mwaka 2025 mtu wa programu alitakiwa awe anapata dola 118,657.43 kwa mwaka ndipo anyimwe, na kule wanahesabu hata saa zinazozidi 8 kwa siku. (Hizo senti 43 huwa zinanichekesha.)

MlinziWaSeva:
Na simu ya zamu je? Wiki moja kila mwezi nalala nayo kitandani, nikingoja kuitwa kazini.

BiKumbukumbu:
Ukiwa kwako, unaweza kupika, kutoka, kulala, ule muda wa kungoja kwa kawaida hauhesabiki. Ukipokea na kuanza kazi, unahesabika. Wakikubana kiasi kwamba huwezi kufanya lako lolote, hata kungoja kunaweza kuwa kazi.

Anza leo kuandika saa zako kwenye daftari lako mwenyewe. Tiketi, zile rekodi za kila tatizo unalotatua, zina muda wa kufungwa, zitakukumbusha, ila usijitumie taarifa za wateja nyumbani, watakupata hapo. Kama kampuni haikuweka kumbukumbu, makadirio yako yenye msingi yanasikilizwa. Mahakama ya Juu ilisema hivyo 1946, kwenye kesi ya wafanyakazi wa kiwanda cha vyungu Michigan. Na usikae sana: unadai miaka miwili ya nyuma, mitatu ikithibitika walivunja sheria makusudi. Mimi nilichelewa, na wiki zangu nyingi za mwanzo zikapotea hivihivi.

MlinziWaSeva:
Nimekaa na kikokotoo. 1,000 kwa saa 40 ni 25, mara moja na nusu ni 37.50, mara saa 15... dola 562.50 kwa wiki. Nimerudia mara tatu nikidhani nimekosea. Dada, wewe ulianzia kwa meneja au Idara ya Kazi?

BiKumbukumbu:
Kwa meneja, kwa barua pepe ya mistari minne, ili tarehe ibaki. Kukufukuza kwa kudai ni kosa jingine. Hakujibu siku tisa. Siku ya kumi nikapiga simu Idara.