Tupeane uzoefu: pumzi wakati wa samasoti ukutani

Mleta mada
Wakuu, waliojifunza kuogelea ukubwani naomba mpite hapa. Fristaili yangu imetulia, mita 25 namaliza bila kuhema. Shida inaanzia ukutani. Nikipiga samasoti (kupinduka kichwa chini miguu juu ili kugeuza) na kujisukuma ukutani kwa miguu, naibuka kifua kinawaka, mapigo matatu ya kwanza ya mikono yote ni ya kutafuta hewa. Ninyi mlifanyaje?

Mtu wa Pwani
Mkuu, mimi nimekulia baharini, na bahari haina ukuta. Bwawa nimelianza nina miaka arobaini na ushei. Nilikuwa nabana pumzi tangu nainamisha kichwa mpaka naibuka. Kumbe ile kiu ya hewa kwa sehemu kubwa inaletwa na kabonidioksidi inayorundikana mwilini, hata kama oksijeni bado ipo. Siku hizi navuta pumzi kamili mkono mmoja au miwili kabla ya ukuta, nafunga mdomo, halafu napinduka huku naguna "mmmm". Mdomo ukiwa umefungwa, mguno unailazimisha hewa itoke puani, tena taratibu. Usiimwage yote lakini! Bakisha ya kujisukumia, maana ukiishiwa katikati ya samasoti hali ni mbaya kuliko kubana.

Mama wa Alfajiri
Mguno huo ndio ulioniokoa na maji ya puani. Kichwa kikiwa chini matundu ya pua yanatazama juu, hewa isipotoka maji yanaingia mpaka machozi yanakutoka. Nilifanya samasoti katikati ya bwawa, mbali kabisa na ukuta, kwa wiki kadhaa. Hofu ilipoisha, na pumzi ilipungua kuliwa. Naamini kabisa nusu ya hewa yangu ilikuwa inaliwa na woga.

Kocha wa wakubwa
Mama umesema kweli. Naongezea. Kwenye mabwawa ya mashindano mstari mweusi wa sakafuni unakoma mita 2 kabla ya ukuta. Uonapo mwisho wake uwe umeshavuta pumzi, usiinue kichwa kuutafuta ukuta, kwani kiuno kitazama na pumzi itapotea. Bwawa la hoteli lisilo na mstari, chagua kigae au ngazi iwe alama yako.

Ukishajisukuma, usishindane na chini ya maji. Zile mita 15 ambazo kanuni inakuruhusu kwenda chini ya maji baada ya ukuta ni kikomo, hujaagizwa uzifikie. Ibuka mapema, piga mkono wa kwanza, vuta hewa wa pili. Ukibanwa, vuta wa kwanza.

Na hili nalisema kwa uzito: msihemeheme haraka haraka ili "kujaza hewa" kabla ya kuzama. Hapo kabonidioksidi inashuka, mwili haukuonyi, na mtu anazimia ndani ya maji kimya kimya.

Mleta mada
Ahsanteni sana. Kocha, nalenga mita 1500. Bwawa letu ni la mita 25, yaani mageuko 59. Lazima yote yawe samasoti?

Kocha wa wakubwa
Hapana mkuu. Kwa fristaili kanuni inataka sehemu yoyote ya mwili iguse ukuta, hata mkono unatosha. Anza hivi: ukuta mmoja samasoti, unaofuata gusa kwa mkono na uvute hewa. Pumzi ikizoea, ongeza. Kama kwenye mita 50 ukutani kifua hakiwaki tena, nenda mita 100 zote kwa samasoti, mwendo wa polepole, kisha uje utuambie.